Uzi wa Moshi

Kutoka mnara wangu hadi mnara wake ni kilomita tisa.
Serikali ilipima, ikaandika kwa rangi nyeupe ukutani:
tisa nukta sifuri.
Hilo ndilo pekee tulilokubaliana,
mimi na mdogo wangu Graciete,
tangu mama azikwe.

Yeye yuko Cabeço, mimi niko Penedo.
Kati yetu bonde, na mto uliokonda hadi mifupa,
na miaka sita.
Mama alituachia mizeituni arobaini na mmoja.
Ishirini kwako, ishirini kwake, alisema wakili.
Ule mmoja uliosalia ndio ulioivunja nyumba.

Kila kiangazi tunapanda ngazi za chuma,
tunakodolea macho milima ile ile ya kaskazini mwa Ureno,
tunangoja moshi.
Adérito, aliyenifunza kazi, alinuka tumbaku
na hakupenda maneno mengi:
kidole kimoja hakivunji chawa,
jicho moja halipimi njia.
Ukiuona moshi peke yako unajua upande tu.
Huenda ni jirani anachoma nyasi za bustani,
huenda ni mji mzima unateketea nyuma ya kilima.
Upande si mahali.

Agosti, saa nane mchana, jua la kupasua mawe.
Kwanza nilidhani ni unywele kwenye kioo.
Nikakifuta kwa kanga ya mkono wa shati. Haukutoka.
Uzi mmoja wa kijivu, umesimama wima,
kama mtu ameushusha kutoka mbinguni
akasahau kufunga fundo.

Nikazungusha shaba. Nikabonyeza redio.
"Penedo. Nyuzi sitini na mbili."
Mkwaruzo. Kimya. Mkwaruzo.
"Cabeço. Sabini na moja."
Sauti yake imekuwa ya mama.
Hakuna aliyeniambia.

Toa zote mbili kwenye mia na themanini:
arobaini na saba,
pembe ya tatu, kule ambako
hasimami yeye wala sisimami mimi.
Sini ya sabini na moja,
igawe kwa sini ya arobaini na saba,
zidisha kwa tisa, kwa ule ukuta, kwa ile rangi nyeupe.
Ncha ya penseli ilikatika mara mbili.
Kumi na moja nukta sita.

Nikalaza rula juu ya ramani.
Mstari wangu ukaenda, mstari wake ukaja,
vikakutana kwenye kiduara cha kijani kisicho na jina.
Jina tunalijua wawili tu duniani.

"Rudia pembe," akasema.
Nikainama tena kwenye tundu la shaba
na, Mungu anisamehe, nikatamani sitini na tatu.
Uzi mmoja tu!
Uzi mmoja ungeusukuma moto karibu mita mia tatu
hadi kwenye majabali ya Senhor Belarmino
ambako haoti hata mwiba.
Lakini shaba haina mama.
"Sitini na mbili," nikasema.
"Umeona ni wapi?"
Neno lake la kwanza lisilo namba, kwa miaka sita.
"Nimeona."

Tukatuma mahali. Magari yakapanda, mekundu,
madogo kama siafu.
Wakaukata moto saa kumi na mbili jioni.
Imesalia kumi na tisa, walisema. Kumi na tisa!
Bado haigawanyiki.

Usiku ulipoingia akasema, "Cabeço, zamu imekwisha,"
lakini hakuachia kitufe.
Nilisikia upepo ukipiga mabati ya mnara wake,
nikasikia akipenga kamasi.
Sikusema kitu. Sikuzima.
Yapata robo saa baadaye upepo ule ule
ulifika kwangu, ukatikisa dirisha,
ukiwa na majivu.